Picha Iliyotazama Ukuta

Nyumbani kwa Kristina, pale Maneromango nyuma ya kanisa, kulikuwa na picha iliyotundikwa kinyume. Uso wake uliutazama ukuta, na mgongo wake ndio uliowapokea wageni: karatasi tupu yenye rangi ya maziwa, ndani ya fremu ya mninga. Mgeni akiketi, akipewa maji ya kunywa, lazima macho yake yaende pale. Wengine walidhani ni kusahau, wakainuka ili waigeuze, na Kristina akawaambia kwa upole, "Iache hivyo hivyo, baba." Basi wakitoka nje ndipo wanapoanza. Mara bibi amerudia mambo ya kale, mara amemkasirikia Mungu, mara ni uzee tu. Wapiga domo hawajawahi kupungua Maneromango, na wengi wao hata kumjulia hali mwenyewe hawakuwa wakimjulia. Waliosema sana ndio waliojua kidogo, kwa hiyo acha ielezwe ilivyokuwa.

Kristina alikuwa mfuaji. Alifua nguo za kanisa: vitambaa vya altare, kanzu za mchungaji, kile kitambaa cheupe cha kufunikia kikombe. Kila Jumamosi alishuka mtoni na beseni kichwani, na jioni utamkuta na pasi ya mkaa, kanji amepika mwenyewe kwa unga wa muhogo. Doa la divai alikuwa na njia yake ya kulitoa, doa la kutu lilikuwa na njia yake, na doa la wino ndiyo usiseme. Shule ya misheni ilikuwa pale pale, na wiki haikupita bila mama fulani kuja na shati la mwanawe lililomwagikiwa kidau kizima. Kristina alikamua ndimu, akasaga chumvi ikawa laini, akapaka, akaanika juani. Doa likianza kugeuka manjano, anapaka tena. Mara tatu, na nguo inakuwa haijawahi kuujua wino. "Mkono wa Kristina haubakizi kitu," watu walisema, na ingawa alikuwa mtu mnyenyekevu, sifa hiyo aliipenda.

Kusoma hakujua. Alibatizwa akiwa mtu mzima tayari, nyimbo akazishika kwa masikio, na vitabu akamwachia mumewe Bartolomeo, aliyekuwa mwinjilisti. Wenyewe walitaniana: huyu asome, huyu afue, na mbinguni wataingia wote wawili.

Picha ilikuja mwaka wa thelathini na tisa, vita vilipoanza na serikali ya Mwingereza ikawakusanya Wajerumani wote. Bwana Misheni wao, mzee aliyekaa nao miaka mingi, alipewa muda wa kufunga sanduku moja tu. Alfajiri ya siku ile alibisha hodi kwa Bartolomeo na karatasi mkononi, imekunjiwa ndani ya shuka. Haikuwa picha ya rangi kama zile za kalenda. Ilikuwa nyeusi tupu, mistari myembamba kama nywele. Bwana Misheni aliwaeleza kwamba fundi aliichonga kwa mkono kwenye bamba la shaba, bamba likapakwa wino, karatasi ikagandamizwa juu yake, na miaka mia nne imepita tangu hapo. Zilizobaki duniani, alisema, pengine hazizidi vidole vya mikono miwili. Na karatasi yenyewe ilitengenezwa kwa matambara ya kitani yaliyotwangwa. Hilo la matambara ndilo lililomkaa Kristina kichwani, kwa sababu lilikuwa la fani yake.

Ilimwonyesha Maria ameketi chini, na mwanawe, mtu mzima mwenye ndevu, amelala magotini pake baada ya kushushwa msalabani. Mkono mmoja wa mama umekishika kichwa. Mwingine umefunguliwa tu, hauna cha kushika. Kristina alikuwa amezika watoto watatu wadogo kabla ya mwanawe Adamu kuzaliwa na kupona, na alipouona mkono ule alisogea akautazama kwa karibu.

Bartolomeo aligeuza karatasi, akasoma kitu nyuma, akapangusa macho. "Bwana ameweka jina lake," alimwambia mkewe, na zaidi ya hapo hakusema. Siku zile mali za Wajerumani zilikuwa zikiandikwa na kuchukuliwa, hata viti, hata saa za ukutani. Kwa hiyo aliitengenezea fremu kwa siri, akaitundika chumbani kwao, na katika watu wa nje hakuna aliyeambiwa, hata mchungaji. Mwaka wa arobaini na moja Bartolomeo akafa kwa homa ya siku nne. Bwana Misheni hakurudi tena.

Akabaki Kristina na Adamu. Kijana alikuwa na miaka ishirini, ana mwandiko mzuri kuliko wa walimu wake, na watu walimletea barua zao awaandikie. Mwaka uliofuata wakaja wa kuandikisha askari Kisarawe, na Adamu akarudi nyumbani siku ya Ijumaa na habari kwamba amejiandikisha. Lori litapita kesho mchana.

Ugomvi wa usiku ule Kristina aliukumbuka neno kwa neno mpaka anaingia kaburini. Kijana alizungumza kwa utaratibu, mama ndiye aliyepandisha. Alimwambia kwamba baba yake hajamaliza hata mwaka ardhini. Alimwambia vita si vyao. Na alipoona kijana hageuki, alimwambia, "Ukivuka mlango huu, mimi sina mtoto." Adamu aliinamisha kichwa.

Kesho yake, kabla hakujapambazuka vizuri, Kristina alichukua beseni akashuka mtoni. Alikwenda makusudi, ndiyo. Alitaka kijana aamke akute nyumba haina mtu, aonje. Alifua vitambaa vilivyokuwa safi tayari, akavisuuza, akavifua tena. Mchana alilisikia lori likipanda kilima, akasimama na maji magotini, kitambaa cha altare mkononi. Miguu ilitaka kukimbia. Kiburi kikaikatalia, na lori likaenda.

Aliporudi, jua limelala, alikuta nyumba imefagiwa. Jikoni palikuwa na chungu cha muhogo uliochemshwa, umefunikwa na kawa. Na mezani palikuwa na ile picha. Ilikuwa imetolewa chumbani, imewekwa katikati ya meza, kifudifudi. Mama wa Bwana amelazwa uso chini.

Kristina alitua beseni chini. Akaelewa hivi: mwanangu amekasirika, na hasira yake kwangu ameimalizia kwa mama huyu. Ndilo neno lake la kuniaga. Mle ndani mlikuwa na dirisha moja dogo, macho yake yamevimba, na kwamba nyuma ya picha palikuwa na maandishi alilijua tangu siku ya Bwana Misheni, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kuyatazama. Aliibeba, akairudisha chumbani, akaitundika inavyotakiwa. Muhogo hakuugusa. Asubuhi aliwamwagia kuku.

Barua ya Adamu haikuja. Vijana wengine waliandika kutoka Uhabeshi, kutoka Ceylon, na Mwalimu Thadeo, aliyeshika nafasi ya Bartolomeo, aliwasomea wazazi wao barazani kwa sauti kubwa. Kristina alikuwa akipita na beseni lake, anasalimu, anaendelea. Miaka mitatu. Kisha siku moja Thadeo mwenyewe alikuja kwake, kofia mkononi, na karatasi ya serikali. Adamu amekufa Burma, amezikwa huko huko. Kristina alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama kuna neno lolote aliloacha. Thadeo aliitazama tena karatasi, akatikisa kichwa.

Hapo ndipo lilipoanza wazo la msalaba. Kwenye makaburi ya kanisa, Bartolomeo alikuwa na msalaba wa saruji, na pembeni yake palikuwa na nafasi. Kristina alitaka msalaba wa pili pale, wenye jina la Adamu, hata kama chini yake hakuna kitu ila udongo. Wazee wa kanisa walikubali. Kilichokosekana ni uwezo, maana wa kufua vitambaa vya altare hupewa shukrani zaidi kuliko kitu kingine. Miaka ikapita, nafasi ikaota majani, na yeye akawa anayang'oa. Watu waliona mama anayeomboleza. Kumbe alikuwa na maneno yake ya usiku wa Ijumaa, hakuwa na mahali pa kuyaomba msamaha, na msalaba ule ndio uliokuwa uwe mahali hapo.

Sasa aingie Kitwana. Huyu alikuwa jirani, mfanyabiashara wa machungwa na mikeka, Mwislamu wa kuswali swala tano, rafiki mkubwa wa marehemu Bartolomeo. Kristina alimwita shemeji, naye alimwita shemeji, na utani wao haukuisha. Ndiye mtu pekee aliyewahi kuonyeshwa picha, siku moja alipokuja kurekebisha kitanda cha chumbani. Mwezi wa Juni mwaka wa hamsini na tatu alirudi kutoka Kibaha, alikokuwa akipeleka machungwa, akaja moja kwa moja kwa Kristina hata mzigo hajashusha.

"Shemeji, leo nimeona ndugu za picha yako."

"Umelewa machungwa?"

"Nisikilize. Kule kwenye mashamba ya mkonge yuko mzee mmoja wa Kizungu, kazi ameshaacha, yeye na vitabu vyake tu. Kuta zimejaa picha nyeusi kama yako. Nikamwambia, hata kwetu iko moja, ya mama na mwanawe. Akaniuliza mistari ikoje, karatasi ikoje. Nikamweleza. Shemeji, yule mzee alisimama. Anasema kama ni hiyo anayodhani, atatoa shilingi mia tano."

Kristina alikaa chini. Msalaba ungesimama, na kubaki kungebaki. Hakulala vizuri siku mbili, akiongea na Maria wa ukutani, na siku ya tatu akakata shauri. Mama huyu, alijiambia, amenitazama miaka kumi nikilia. Atanielewa.

Kitwana alikuja kuitoa kwenye fremu. Wakaiweka mezani, wakaigeuza. Nyuma palikuwa na maandishi, mistari tisa au kumi ya wino wa samawati uliokoza, umepangika vizuri.

"Ndiyo hayo ya Bwana Misheni," alisema Kristina. "Mume wangu aliniambia aliweka jina."

Kitwana aliinama, akayafuata kwa kidole. Mtu huyu alikuwa amehitimu chuoni, Kurani anaisoma bila kusita, na hesabu zake zote za machungwa aliziandika kwa herufi za Kiarabu. Lakini herufi za shule ya misheni hakuzijua hata moja. "Za Kizungu hizi," alisema. "Na ni nyingi, shemeji. Huyu hakuweka jina tu, ameandika kabisa kwamba mali ni yake. Yule mzee akisoma atauliza Mjerumani huyu ni nani, na wewe umeipataje. Unakumbuka walivyobeba hata saa?"

"Tumwonyeshe Thadeo?"

Walitazamana. Thadeo alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa mtu wa kanisa, na angesema kilichokuwa cha misheni kirudi misheni. Tena alikuwa na sauti ile ya barazani. Kufikia Jumapili Kisarawe nzima ingekuwa imejua.

"Ni wino tu huu," Kristina akasema taratibu. "Na karatasi hii ni kitani."

Msimlaumu haraka. Angekuwa mtu mwingine yeyote, karatasi ingechanika na maandishi yangebaki. Lakini huyu alikuwa Kristina. Alitandika kitambaa safi cha altare juu ya ubao, akailaza picha kifudifudi. Aliloweka unyoya wa kuku kwenye maji ya ndimu na chumvi, akapaka neno kwa neno, hafiki upande wa pili. Akaitoa juani, akakaa pembeni yake na kijiti cha kufukuzia kuku. Wino ukawa wa zambarau, ukawa wa kahawia, ukawa manjano. Akapaka tena. Palipokuwa na mkazo wa kalamu alirudia mara nne. Jioni alisuuza kwa maji ya mvua, akakandamiza kati ya vitambaa viwili, na asubuhi karatasi ilikuwa nyeupe kuliko alivyowahi kuiona. Mistari ya Maria haikuguswa hata mmoja. Kitwana alipokuja alitikisa kichwa kwa mshangao. "Shemeji, mkono wako haubakizi kitu." Na Kristina, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akacheka.

Walipanda lori la machungwa mpaka Kisarawe, wakalala kwa Mwamini, binti yake Kitwana, na kesho yake wakazunguka kupitia mjini hadi barabara ya Morogoro. Kristina aliibeba picha mapajani, kati ya vibao viwili vilivyofungwa kwa kitambaa. Njia nzima alikuwa akimweleza Kitwana jina litakavyoandikwa kwenye saruji, herufi kubwa, ili hata anayepita barabarani aone. Hakuwa ameongea hivyo tangu vita.

Yule mzee wa Kibaha alikuwa mrefu, mikono inatetemeka, Kiswahili amekishika sawasawa. Aliwakaribisha viti, akaagiza chai, akaipeleka picha dirishani. Alivaa miwani, juu ya miwani akaweka kioo cha kukuzia, akaikagua pembe kwa pembe. Kitwana alimeza chai yote bila kuitambua. Hatimaye mzee aligeuka, na macho yake yalikuwa na maji.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Mama, unajua umekaa na nini?"

"Nimekaa na Maria," alijibu Kristina.

Mzee alitabasamu. Akaigeuza, akasogeza kioo pembeni kabisa, chini, penye kivuli cha maandishi madogo ya penseli, yaliyofifia kiasi kwamba macho ya Kristina hayakuwahi kuyaona. Akasoma: "Kwa Bartolomeo, mwenzangu wa kazi. Picha hii ni yako na ya watoto wako." Na chini yake jina la Bwana Misheni.

Kitwana aliachia pumzi. "Kumbe alikupeni. Shemeji, kumbe ilikuwa yenu kwa maandishi."

Kristina alifurahi, halafu furaha ikasimama katikati. Kama maandishi ya Bwana Misheni ni hayo madogo, basi yale marefu yalikuwa ya nani? Alitaka kuuliza. Lakini mzee alikuwa ameshainua karatasi, ameilaza ubavu kwenye mwanga wa dirisha.

"Na hapa palikuwa na maandishi mengine. Marefu. Yametolewa, na aliyeyatoa ni fundi. Lakini kalamu ilikwaruza karatasi, mikwaruzo mingine bado ipo."

"Ni Kijerumani?" aliuliza Kitwana.

"Hapana. Ni Kiswahili." Mzee alisogeza karatasi kidogo, akasoma polepole, neno na neno. "Mama... nimekungoja... mpaka..." Akasimama. "Hapa hakuna kitu." Akashuka na kioo mstari kwa mstari, akafika chini. "Mwisho kabisa. Mwanao... Adamu."

Kristina aliinuka kitini.

"Soma katikati, bwana," alisema Kristina.

"Katikati hakusomeki, mama."

"Jaribu."

Mzee alijaribu. Alikwenda dirisha la pili, akaomba taa, akaiwasha mchana kweupe, akaipitisha chini ya karatasi. Kristina alisimama ubavuni pake, akifuata kidole kilipokwenda, na kila kilipokwenda alikumbuka unyoya wake ulivyopita. Hapa nilirudia mara mbili. Hapa mara nne.

"Nisamehe, mama," alisema mzee. "Pamesafishwa vizuri sana."

Basi vyote vikamjia kwa pamoja. Adamu hakuilaza picha kwa hasira. Aliilaza kifudifudi ili maandishi yawe juu, katikati ya meza, mahali ambapo mama akiingia lazima ayaone, ayapeleke kwa Thadeo asomewe kama watu wote wanavyosomewa barua zao. Karatasi nyingine haikuwamo ndani, wakati wa vita karatasi ilikuwa adimu, na hii ndiyo aliyojua mama hataitupa. Alikuwa amemngoja. Amefagia, amechemsha muhogo, amengoja mpaka. Mpaka lini? Mpaka lori limefika? Mpaka amekata tamaa? Na ile miaka mitatu bila barua, pengine kijana alikuwa huko Burma akingoja jibu la hii ya kwanza.

Kristina hakulia mle ndani. Alinyoosha mikono miwili. "Bwana, naomba karatasi yangu."

Mzee alidhani hakumwelewa. Akamwambia bei iko pale pale, mikwaruzo haimdhuru, tena anaweza kuongeza. Kitwana naye akainama sikioni mwake. "Shemeji, na msalaba?"

"Msalaba wa nini, shemeji? Mtoto alikuwa akisema na mimi, nikamnyamazisha kwa mkono wangu. Sasa nimuuze na kilichobaki?"

Mzee aliifunga mwenyewe kati ya vibao, akawasindikiza mpaka barabarani, kichwa wazi juani.

Kwenye basi Kitwana ndiye aliyelia. Alilia kama mtoto, kilemba usoni, abiria wanamtazama. "Mimi ndiye niliyekwambia ni ya Mjerumani. Mimi na elimu yangu." Kristina alimshika mkono. "Wewe ulisema tu," alimwambia. "Mwenye ndimu ni mimi." Hakumwambia kwa ubaya, na mpaka wanazeeka hakumlaumu tena. Lakini utani kati yao uliisha siku ile, na hakuna aliyeweza kuurudisha.

Alipofika Maneromango alikwenda kwa Thadeo, kwa miguu yake, akamweleza yote: picha, Ijumaa, mto, ndimu. Mwalimu hakuitaja misheni hata mara moja. Alikaa na karatasi ile barazani kutwa nzima, akiigeuza na jua, na kufikia jioni alikuwa amepata neno moja zaidi, mstari wa nne.

"Ni muhogo," alisema. "Naona 'muhogo', na mbele yake kama 'chunguni', lakini hiyo sina hakika."

Hapo ndipo Kristina alipolia. Alikaa kwenye udongo wa Thadeo, mtu mzima mwenye miaka karibu sitini, akalia mpaka mke wa mwalimu, Ursula, akatoka kumwinua. Alilia kwa sababu ya kuku.

Picha aliirudisha kwenye fremu ya mninga. Safari hii hakuipeleka chumbani. Aliitundika ukumbini, mkabala na mlango, mgongo nje. Msalaba haukujengwa, na nafasi ile karibu na Bartolomeo aliendelea kuing'oa majani, mpaka mwaka wa hamsini na nane alipolazwa pale yeye mwenyewe.

Nguo za kanisa aliendelea kufua, weupe ule ule, kanji ile ile. Ila walioleta mashati ya shule walianza kunung'unika. Siku moja Swaumu, mama wa pale karibu na shule, alirudi na shati la mwanawe, limepigwa pasi vizuri, na doa la wino kifuani liko pale pale.

"Mama Adamu, hili umelisahau."

"Sikulisahau, mwanangu. Alikuwa anaandika. Liache."

Swaumu akalikunja shati. Macho yakamwendea ukutani, kama ya kila mtu, akataka kubadili mazungumzo. "Na ile picha yako imegeuka."

"Haijageuka," alisema Kristina, na akamwekea kiti. "Ndivyo alivyoiweka."